Mashine na Lugha Zinazofifia: Uhakiki wa Madai Mawili ya Wakati Huu

Mwaka 1992 mwanaisimu wa Alaska, Michael Krauss, alichapisha katika jarida la Language makala fupi iliyowashtua mabingwa wa lugha ulimwenguni. Alionya ya kuwa karne iliyokuwa ikija huenda ikaona lugha tisa katika kila kumi za wanadamu zikifa, au zikifikia hali isiyo na tiba. Tangu siku hizo maneno mengi yameandikwa juu ya jambo hili, na Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili. Katika miaka ya karibuni limeingia neno jipya katika mjadala, nalo ni kompyuta. Yasemwa ya kuwa mashine itazichunguza lugha zinazofifia kwa upesi ambao mwanadamu hauwezi. Tena yasemwa ya kuwa mashine hiyo hiyo itazihuisha.

Hayo ni madai mawili, wala si moja. Kuichunguza lugha ni kazi ya mtaalamu, na kuihuisha ni kazi ya mama na mtoto wake, ya bibi na mjukuu, ya jirani na jirani. Kazi ya kwanza yaweza kufanyika mezani, mbali na wenye lugha. Ya pili haifanyiki ila nyumbani kwao. Maandishi mengi ya siku hizi huyachanganya madai haya, yakatoa ushahidi wa la kwanza na kudai kwamba la pili limethibitika. Makala haya yanayapima kila moja kwa mizani yake, kwa mifano iliyo wazi, na mwisho kuuliza ni nini wajibu wa wataalamu wa Kiswahili, ambao wamo katika kesi hii kwa namna mbili: wana ujuzi wa kusaidia, na lugha yao yenyewe imeshitakiwa.

Lugha hufaje?

Kabla ya kuipima dawa yafaa kuutazama ugonjwa. Katika msitu wa Mukogodo, kaskazini ya Mlima Kenya, waliishi Wayaaku, wawindaji na warina asali, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini walianza kufuga ng'ombe na kuoana na jirani zao wenye kusema Kimaasai. Haikutokea vita ya kuwafuta, wala hapakutolewa amri ya kuwakataza kusema lugha yao. Lakini mtu asiye na ng'ombe alihesabiwa fukara, na jina la Dorobo waliloitwa wawindaji lilikuwa jina la dharau. Mzazi aliyetaka mwanawe aheshimiwe alimfundisha kusema kama wenye mifugo. Vizazi viwili hivi vilitosha. Bernd Heine alipoiandika lugha hiyo katika miaka ya 1970, wasemaji wake walikuwa wachache. Na mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa Leiden, walipokwenda Mukogodo, walikuta wazee wa kuhesabika kwa vidole ndio wenye kuikumbuka.

Funzo la habari hii ni dhahiri. Kiyaaku hakikufa kwa kukosa kamusi, wala kwa kukosa tahajia, wala kwa kukosa mashine. Kilikufa kwa sababu wenyewe waliona hakina faida kwa watoto wao, na katika hali waliyokuwamo hawakukosa hoja. Yeyote asemaye kwamba kompyuta itaihuisha lugha hana budi aeleze jinsi kompyuta itakavyoibadili hesabu ile ya mzazi. Hili ndilo swali ambalo watetezi wengi wa mashine hulipita kando.

Dai la kwanza: uchunguzi

Katika uchunguzi, sifa ya mashine ni ya haki. Mtafiti aliyewahi kunasa maongezi ya wazee ajua ya kuwa taabu kubwa haimo katika kunasa, bali katika kuandika yaliyonaswa. Saa moja ya maongezi hutaka makumi ya saa za kusikiliza, kurudia, kuandika na kutafsiri, na lugha ikiwa haina tahajia iliyokubaliwa saa hizo huongezeka. Ndiyo maana kanda nyingi za zamani zimekaa makabatini bila kuandikwa, na sauti zilizomo zinaoza pamoja na utepe wake. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, huifunga kila sentensi iliyoandikwa na nukta ile ile ya sauti iliposemwa, hata msomaji akaweza kuisikia sentensi aliyoitilia shaka. Zamani msomaji wa sarufi ya lugha ya mbali alilazimika kumwamini mwandishi. Leo aweza kumhakiki. Hii si faida ndogo. Taaluma isiyohakikika ni hadithi tu.

Hali kadhalika yako maktaba ya sauti. Hifadhi ijulikanayo kwa jina la ELAR ilianzishwa London mwaka 2002 ikahamishiwa Berlin mwaka 2021, nayo yahifadhi makusanyo ya mamia ya lugha, baadhi yake za Tanzania. Miongoni mwa hayo umo mkusanyo wa Kigorowa, lugha ya Kikushi isemwayo katika Wilaya ya Babati, uliofanywa na Andrew Harvey pamoja na wasemaji wenyewe. Humo mna ngano, mashauri na maongezi ya kawaida, ambayo sarufi za zamani hazikuyajali. Mtaalamu atakayezaliwa miaka mia ijayo ataweza kusikia jinsi Mgorowa wa zama hizi alivyosimulia.

Hata hivyo sifa hiyo ina mipaka yake. Kwanza, mashine huhitaji uamuzi ambao haiwezi kuutoa. Kihadza cha kandokando ya Ziwa Eyasi na Kisandawe cha Kondoa na Chemba vina sauti za kidoko ambazo alfabeti ya Kiswahili haina herufi zake. Ziandikwe kwa alama za wataalamu, au kwa herufi c, q na x kama zilivyotumiwa katika Kizulu, au kwa namna nyingine? Jambo hilo huamuliwa na watu, baada ya kubishana na kujaribu, na kila uamuzi humfaa mmoja na kumkera mwingine. Mtu akiipa mashine matini zilizoandikwa kwa njia tatu, itazihesabu kuwa lugha tatu.

Pili, kilichohifadhiwa si lazima kiwe kimerudishwa. Mara nyingi makusanyo ya lugha za Afrika Mashariki huelezwa kwa Kiingereza, katika kurasa ambazo zahitaji ujuzi wa Kiingereza ili kufunguliwa. Mzee aliyetoa sauti yake asoma Kiswahili. Hivyo jirani yake wa Babati hana njia ya kuifikia hazina iliyotoka kinywani mwa babu yake, ilhali mwanafunzi wa Berlin anayo. Mashine haikuusababisha udhalimu huu. Ulikuwako tangu enzi za vitabu. Lakini haikuuondoa, na wakati mwingine imeupa sura nzuri ya kuupendeza ulimwengu.

Njia mbili za kuifundisha mashine

Baada ya hayo yafaa kuingia ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa watu huisema kana kwamba ni moja. Zipo njia mbili za kuifundisha lugha, na tofauti yake ni kubwa kwa lugha ndogo kuliko kwa lugha kubwa.

Njia ya kwanza ni ya kanuni. Tuseme mashine yapewa neno la Kiswahili hawatatupikia. Mwanasarufi alijua tangu zamani ya kuwa neno hilo lina vipande saba: ha- ya kukanusha, wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya mtendewa, mzizi -pik-, -i- ya kauli ya kutendea, na -a ya mwisho. Kanuni hizo zikiandikwa kwa namna ambayo mashine yaweza kuzifuata, mashine italichambua neno hilo hata kama halijapata kuliona, na italiunda hata kama hakuna aliyewahi kuliandika. Msingi wa kazi hii uliwekwa Helsinki mwaka 1983 na Kimmo Koskenniemi, na katika mji huo huo Arvi Hurskainen akautumia kwa Kiswahili, akaeleza njia yake katika makala ya mwaka 1992. Kazi hiyo haikuanzia katika mlima wa vitabu. Ilianzia katika sarufi.

Njia ya pili ni ya lundo. Mashine haipewi kanuni. Hupewa maandishi kwa mamilioni ya maneno, ikaachwa itafute yenyewe ni neno gani hufuatana na lipi. Kwa Kiingereza njia hii imefanya maajabu yasiyoweza kukanushwa. Kwa Kiswahili, chenye magazeti, vitabu na mitandao, imefanya kazi ya kutumika. Lakini kitenzi kimoja cha Kibantu huzaa maelfu ya maumbo, na lugha yenye maandishi machache haiyaonyeshi yote hata mara moja. Mashine ya lundo hukisia pale isipoona, na kukisia kwake hakuna haya.

Wenye lugha ndogo waliofanikiwa wamekuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa njia ya kwanza au wa kuichanganya na ya pili kwa hadhari. Huko Tromsø, kaskazini ya Norwe, wataalamu walizijengea lugha za Kisami programu za kusahihisha tahajia na kamusi zenye kutambua maumbo ya maneno, katika lugha ambazo kubwa yao haina ila wasemaji wapatao makumi elfu kadhaa. Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada kilifuata mfano huo kwa Kikrii: mwanafunzi akiandika katika kamusi neno lenye viambishi kama alivyolisikia, kamusi humpeleka kwenye shina lake na kumweleza viambishi hivyo. Kwa mwanafunzi wa lugha ya viambishi vingi hili si anasa. Mtu asiyejua kwamba hawatatupikia hutafutwa penye herufi ya P hatalipata milele.

Mfano wenye kufunza zaidi ni wa Kimohawk, lugha ya wenyeji wa Kanada na Marekani. Katika nchi ya Six Nations, mkoa wa Ontario, ipo shule ya watu wazima iitwayo Onkwawenna Kentyohkwa, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambamo wanafunzi husema Kimohawk mchana kutwa. Walimu wake walikuwa wamekwisha kupanga njia yao ya kufundisha vitenzi kwa kufuata mizizi na viambishi, ndipo Baraza la Utafiti la Taifa la Kanada likashirikiana nao kutengeneza programu ya kunyambua vitenzi, iitwayo Kawennón:nis. Mpangilio wa programu ulifuata mpangilio wa darasa. Mwalimu alitangulia, mashine ikawa msaidizi wake. Anayetaka kujua siri ya mafanikio hayo asiitafute katika programu. Aitafute katika miaka ile ambayo shule ilikuwako bila programu.

Lundo na kasoro zake

Kampuni kubwa zimeshika njia ya pili. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitangaza mfumo wa kutafsiri lugha 200, na mwaka 2023 ikatangaza mfumo wa kutambua usemi wa lugha zaidi ya 1,100. Tarakimu hizo zilishangiliwa. Mhakiki hana budi kuuliza: usemi huo ulitoka wapi? Watengenezaji wenyewe hawakuficha: ulitoka kwa sehemu kubwa katika Agano Jipya lililosomwa kwa sauti katika lugha hizo. Basi mashine imefunzwa kwa kitabu kimoja, kilichotafsiriwa kutoka lugha nyingine, kikasomwa kwa utaratibu wa ibada, na mara nyingi kwa sauti za kiume. Humo hamna mabishano ya sokoni, wala maneno ya kumtuliza mtoto, wala majina ya nyuki na miti ambayo Myaaku aliyajua. Mashine ya namna hiyo yaweza kumwelewa mhubiri na isimwelewe mama anayemwita mwanawe jikoni. Na ni kwa mama huyo ambako uhai wa lugha umo.

Ubora wa lundo nao una walakini. Mwaka 2022 Julia Kreutzer na wenzake wengi, baadhi yao Waafrika wa jumuiya ya Masakhane, walichapisha ukaguzi wa makusanyo 205 ya matini yaliyookotwa katika intaneti. Waligundua ya kuwa makusanyo yasiyopungua 15 hayakuwa na sentensi hata moja ya kufaa, na mengine mengi yalikuwa na takataka kuliko lugha. Makusanyo mabaya yalikuwa hasa ya lugha ndogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mithali haikusema kibaba kimejaa nini.

Kosa katika lugha kubwa huonwa na wengi likasahihishwa. Kosa katika lugha ndogo laweza kukaa miaka bila kuonwa, kisha likaokotwa na mashine nyingine kuwa ushahidi, na tafsiri mbaya ya jana ikawa mwalimu wa tafsiri ya kesho. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2025 iliamuliwa kuifunga Wikipedia ya Kigreenland, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyomo iliandikwa na watu wasioijua lugha hiyo, na mashine za kutafsiri zilikuwa zimeongeza upuuzi juu ya upuuzi. Hapo mashine haikuihuisha lugha. Ilitengeneza sanamu yake na kuisimamisha hadharani, na mgeni apitaye asiweze kutofautisha sanamu na mtu.

Hoja ya upande wa pili

Yatakiwa haki kwa kila upande. Mtetezi wa lundo aweza kujibu kwamba kitabu kimoja ni bora kuliko kutokuwa na kitabu, naye ana ushahidi wa nguvu. Lugha ya Wawampanoag wa Massachusetts ilinyamaza kwa zaidi ya karne moja. Lakini mwaka 1663 ilikuwa imechapishwa Biblia nzima katika lugha hiyo, kwa juhudi ya John Eliot na wasaidizi wake wenyeji, na wenyeji waliojifunza kusoma waliacha barua na hati za mashamba. Tangu mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, Mwampanoag mwenyewe, aliyafuata maandishi hayo, akajifunza isimu na bingwa Kenneth Hale, na hatimaye watoto wakaanza kufundishwa lugha ya babu zao. Basi kitabu cha mmisionari kilikuwa mbegu.

Hoja hii yakubalika, na inaufanya uamuzi kuwa mgumu kuliko wengi wapendavyo. Lakini yafaa kutazama ni nini hasa kilichofanyika. Biblia ile ilikaa miaka mingi bila kuihuisha lugha. Iliihuisha pale alipotokea mwenye lugha aliyetaka, akajifunza sarufi, akaanza na nyumba yake. Tena hazina yake haikuwa Biblia peke yake. Hati na barua zilimpa maneno ambayo Biblia haikuwa nayo. Kwa hiyo mfano huu wathibitisha thamani ya kukusanya, wala hauthibitishi kwamba mkusanyo huamka wenyewe.

Mfano wa New Zealand wasema vivyo hivyo. Katika mji wa Kaitaia, shirika la utangazaji la Wamaori liitwalo Te Hiku Media liliwaita watu mwaka 2018 wasome sentensi kwa sauti. Kwa muda wa siku kumi watu wapatao 2,500 walitoa zaidi ya saa 300 za usemi, na kwa hazina hiyo ikatengenezwa mashine ya kutambua Kimaori ambayo watengenezaji wake waliripoti usahihi wa asilimia 92. Hapa lundo lilifaa. Lakini lilikuwa lundo la aina gani? Lilitolewa na wasemaji kwa hiari, kwa ajili ya redio yao, na shirika lilikataa kuyakabidhi makampuni makubwa sauti hizo. Likatunga hati ya masharti yenye msingi katika desturi yao ya ulinzi na uangalizi, ya kwamba mlinzi si mwenye mali, na mali haiuzwi. Tena yakumbukwe ya kuwa shule za watoto wadogo za Kimaori zilianza mwaka 1982, na lugha ikapewa hadhi ya kisheria mwaka 1987. Miaka 36 ilipita tangu darasa la kwanza hadi mashine. Watu 2,500 wenye uwezo wa kusoma Kimaori kwa sauti hawakuzaliwa na mashine. Wengi walilelewa na wazee, na shule, na redio.

Kiswahili katika kesi hii

Mtaalamu wa Kiswahili huenda akasoma habari za Wamohawk na Wamaori kama mtu asomaye habari za mbali. Asifanye hivyo. Herman Batibo, Mtanzania aliyebobea katika suala hili, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba barani Afrika lugha ndogo humezwa zaidi na lugha nyingine za Kiafrika zenye nguvu kuliko na lugha za wakoloni. Katika Tanzania lugha hiyo yenye nguvu ni Kiswahili. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mzazi wa Eyasi afanya leo hesabu ile ile aliyoifanya mzazi wa Mukogodo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za makabila kuwa hazina ya taifa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiagiza dola kuendeleza lugha za wenyeji; lakini maneno mema ya sera hayajawa darasa.

Tena mashine yaweza kuuzidisha uzito huo. Simu ya mkononi huzungumza Kiswahili, haizungumzi Kihadza. Kila chombo kipya kijuacho Kiswahili ni sababu moja zaidi ya kijana kuiacha lugha ya nyumbani. Kwa kuwa wataalamu wa Kiswahili hushangilia kila lugha yao inapoingizwa katika chombo kipya, na wana haki ya kushangilia, yafaa pia wajue kivuli cha furaha hiyo kinaangukia wapi.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe kivuli hicho kipo. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyousimamia usanifishaji juu ya msingi wa Kiunguja, lahaja nyingine zimekuwa zikihesabiwa kuwa upotovu. Itazamwe Chimiini, lahaja ya mji wa Barawa katika pwani ya Somalia. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya wenyewe hata Kenya, Uingereza na Marekani, na watoto wao sasa wasema lugha za huko waliko. Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh waliiandikia lahaja hii kamusi, iliyochapishwa mwaka 2004. Chimiini husema chi- pale sanifu isemapo ki-. Hutumia tamati ya aina ya -ile kwa wakati uliopita, ambayo sanifu haina. Na katika wakati huo, umbo la nafsi ya pili na la nafsi ya tatu, katika umoja, huweza kuandikwa sawasawa. Tofauti yake hubebwa na mahali pa toni ya juu, ambayo huwa mwishoni kwa nafsi ya pili na katika silabi ya kabla ya mwisho kwa nafsi ya tatu. Masikio ya Mbarawa husikia papo hapo nani alitenda.

Mashine ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili sanifu itaiwekea Chimiini alama ya kosa karibu kila neno. Mashine ya lundo, ifundishwayo kwa maandishi yasiyo na alama za toni, haitajua kamwe kama ni wewe au ni yeye. Mashine ya kanuni itajua, kwa sababu mwanasarufi aliisikia toni akaiandika. Hapo ndipo tofauti ya njia mbili huacha kuwa ubishi wa mafundi ikawa suala la lugha kubaki na viungo vyake au kukatwa. Nayo ni lahaja ya Kiswahili, ambayo taasisi za Kiswahili haziwezi kusema kuwa si jukumu lao.

Hukumu

Kwa ushahidi huu dai la kwanza lakubalika: mashine ni mtumishi mwema wa uchunguzi, maadamu sarufi imetangulia na sauti zimeandikwa na wanaozijua. Dai la pili lakataliwa kama lilivyo. Hakuna mfano hata mmoja katika hii iliyotajwa ambamo mashine iliihuisha lugha. Katika kila mfano wenye mafanikio, watu walikwisha kuanza, na mashine ikawarahisishia. Zaidi ya hayo, njia ya lundo, ikitumiwa bila wenye lugha, yaweza kuiharibu lugha ndogo kuliko kuiacha ilivyo.

Kutokana na hukumu hii yafuata mambo manne kwa taasisi za Kiswahili. La kwanza, sarufi za lugha za jirani na za lahaja za Kiswahili ziandikwe kwa ukamilifu, pamoja na toni, na kwa namna ambayo mashine yaweza kuzifuata. Ujuzi wa kufanya hivyo kwa lugha za Kibantu upo tangu mwaka 1992, na kuupeleka kutoka Kiswahili hadi lugha ndugu ni kazi ya miaka michache, si ya karne. La pili, sauti zinaswe za maongezi ya kila siku, wala si ngano na ibada tu. La tatu, masharti ya matumizi yatungwe pamoja na wenye sauti kabla ya kunaswa, wajue ni nani atakayezitumia na kwa faida ya nani. La nne, na pengine lililo jepesi kuliko yote, kila mkusanyo wa lugha ya Afrika Mashariki uwe na maelezo kwa Kiswahili. Lugha iliyoshitakiwa kwa kuzimeza nyingine ndiyo pekee ambayo Mgorowa, Mhadzabe na Msandawe waweza wote kuisoma. Basi na iwe mlango wa kurudia nyumbani, isiwe mlango wa kutokea tu.

Mambo hayo manne hayatamlazimisha mzazi yeyote kubadili hesabu yake, wala haifai kumlazimisha. Yatahakikisha tu kwamba siku atakapotaka, au atakapotaka mjukuu wake, atakuta sarufi iliyo kweli, sauti iliyo hai, na mashine isiyomdanganya. Wazee wa Mukogodo hawakuwa na akiba hiyo. Wale wa Eyasi na Babati bado wana nafasi ya kuwa nayo, na watakaoamua kama wataipata au la ni pamoja na wasomaji wa kurasa hizi.